Altje Lumingkewas na Matokeo Aliyoyafuta

Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Tomohon na wageni mliotoka mbali, mimi Fentje, mdogo wake, nasimama kwa niaba ya ukoo wa Lumingkewas kuwasomea maisha ya dada yetu, Profesa Altje, kama mwenyewe alivyotaka yasomwe.

Altje alizaliwa hapa Tomohon tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa marehemu Mwalimu Hendrik Lumingkewas na Mama Nontje Paat, tuliye naye mstari wa mbele, akakulia kwenye karafuu za babu, akipanda miti ambayo sisi wanaume tuliiogopa. Alianza shule ya kanisa mwaka 1967, akamaliza sekondari Manado mwaka 1979, akasomea kemia Bandung hadi 1984, akafunga ndoa na mhandisi wa reli, Bwana Jopie Rondonuwu, tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa Gabriela na Stenly, kisha akapata shahada ya uzamivu Japani mwaka 1993, na aliporudi akafundisha katika chuo kimoja cha Bandung mpaka maradhi yalipomzuia.

Kazi yake ilikuwa mirija ya kaboni, midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ikikusanywa huwa kama masizi ya chungu. Aliichemsha kwenye asidi ili ngozi yake ibadilike na kushika umeme zaidi, akatengeneza kwayo elektrodi, ile sehemu ya betri inayoshika umeme, na mwaka 2011 akatangaza kwamba elektrodi yake inahifadhi umeme mara tatu ya zile zilizokuwapo. Mnakumbuka, maana tulichinja nguruwe, kwaya ikaimba, na kanisa hili likamshukuru Mungu likimtaja Altje kwa jina.

Msichokijua ni kwamba kabla ya kutangaza, mwanafunzi wake, Risnandar Suhendi, kijana wa Garut, alirudia jaribio kwa mirija aliyoiosha kwa muda mrefu zaidi, umeme ukashuka vibaya, akamweleza mwalimu wake kwa adabu kwamba huenda kinachobeba umeme ule si mirija, ni chembe za chuma zilizobaki humo tangu ilipotengenezwa. Altje alikuwa amekwisha kuahidi matokeo, akamjibu mbele ya maabara nzima, "Umeharibu kwa mikono yako michafu, sasa unataka kuisingizia mirija yangu." Akaliondoa jina la kijana kwenye kazi ile, naye Risnandar akaondoka Bandung bila shahada.

Mwaka 2014, wengine waliporudia jaribio lake na kushindwa kupata alichopata, aliiosha mirija kwa mikono yake mwenyewe, akaona kile kile alichoonyeshwa na Risnandar, akawaandikia waliochapisha kazi ile waifute, wakaifuta. Alisafiri hadi Surabaya, Risnandar alikokuwa akifundisha sekondari, akaomba radhi. Kijana alimwekea chai, akamuuliza hali ya watoto wake, kisha akasema, "Mama, tangu siku ile nikiona kitu kwa macho yangu, siamini mpaka mwingine akione." Altje alimwambia mumewe kwamba hakujua pa kuuweka uso.

Huku nyumbani hakusema neno. Kila Krismasi alikuja, mkamwita Mama Betri, watoto wakasimamishwa wamtazame, naye akainamisha kichwa, nasi tukadhani ni unyenyekevu.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Bandung, Agosti akaomba arudishwe nyumbani, na tarehe 9 Novemba 2022, mchana, akafariki mama yake akiwa amemshika mkono. Aliponiagiza nisome haya nilimwambia, "Dada, mambo ya maabara yaache, watu wa hapa hawayajui." Akanijibu, "Hawanijui kwa lingine, Fentje. Wananiheshimu kwa jambo lisilo kweli, na mimi nimewaacha waniheshimu." Ukoo uligawanyika, wengine wakisema tutamwaibisha akiwa ndani ya jeneza, mpaka Mama Nontje akatunyamazisha. "Someni," alisema. "Alikosea, kisha akaona haya. Yote mawili ni ya mwanangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bandung na wa hapa Tomohon, majirani mliompikia uji wa mboga alipokuwa hawezi kumeza kingine, wafanyakazi wenzake waliovuka bahari kuja, na Mwalimu Risnandar Suhendi, aliyefika jana bila kuitwa. Tulimuuliza kama angependa jina lake tulifiche. Akasema alidhalilishwa watu wakisikia, kwa hiyo lisomwe watu wakisikia. Tumelisoma.

Dada Altje, pumzika kwa amani.