Bi Zita Hhando Akabidhi Kipaza Sauti cha Bwalo

Ifikapo tarehe 30 Juni 1992, Bi Zita Hhando atakuwa ametimiza miaka ishirini na miwili ya utumishi katika Shamba la Ngano Dirmagwa, na siku hiyo hiyo atastaafu kwa mujibu wa sheria. Mashine za kuvunia alizozikuta siku ya kwanza zimeshastaafu zote kabla yake, bila sherehe, na baadhi yake bado zimesimama palepale zilipozimikia. Watumishi wenzake tumeona si vizuri naye aondoke hivyo.

Makala haya yanaandikwa na mtu wa stoo ya vipuri. Ofisi ya Utumishi ndiyo ilipaswa kuyaandika, lakini imesema bado inasubiri maelekezo.

Bi Zita alizaliwa Maretadu, wilaya ya Mbulu, kwa wazazi wakulima wa mahindi na maharage. Alisoma kwa masista, na mwaka 1970 alikuja huku Hanang kuomba kazi ya kupokea simu. Simu yenyewe ilikuwa haijafika. Utawala ulimwajiri hivyo hivyo, akakaa miezi kadhaa nyuma ya meza tupu akipokea shikamoo za wapita njia. Simu ilipofika, ikawa inasikika vizuri siku zisizo na upepo. Anayeijua Hanang atakuambia siku hizo ni chache kuliko sikukuu.

Ili sauti yake nzuri isipotee bure, Meneja wa wakati ule alimkabidhi kipaza sauti cha bwalo. Kazi ilikuwa kusoma taarifa ya uzalishaji kila Jumamosi watu wakila chakula cha mchana. Matokeo yake, watu walijifunza kula haraka. Taarifa ilipofika kwenye mbolea, bwaloni walibaki wapishi na yule mtumishi mmoja mwenye matatizo ya kutafuna.

Bi Zita alipendekeza kitu cha kuwazuia: baada ya taarifa, mwanamuziki aketishwe mbele ya kipaza sauti na sahani yake ya ugali na maharage, aulizwe maisha yake na namna anavyotunga, kisha apige wimbo. Mkate haukutajwa, kwa kuwa katika shamba letu la ngano mkate tuliuona zaidi kwenye mabango. Kipindi kikaitwa Wanamuziki Mezani. Utawala ulikiridhia kwa sharti kwamba maswali yatoke ofisini. Swali la kwanza lilikuwa, “Je, kilimo cha kisasa kimekupa ari gani?” Bi Zita alilisoma kila Jumamosi kwa utiifu mkubwa na kwa kasi ya ajabu, mgeni akajibu “kubwa sana,” kisha Bi Zita akaanza kuuliza ya kwake. Alipenda kuanza hivi: “Wimbo huu ulikuanzia wapi?”

Mgeni wake wa kwanza wa maana alikuwa Hatibu Shumbana, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, kiongozi wa bendi yetu ya Suke Jazz. Muundo wa shamba haukuwa na cheo cha mpiga gitaa, kwa hiyo Hatibu aliajiriwa kama fundi wa matairi. Wakati huo alikuwa hajawahi kuziba pancha hata moja. Wimbo wake “Usiku Sikulala” ndio uliopigwa katika kila harusi kutoka hapa hadi Endasak, na hakukuwa na mtu asiyejua kwamba ulihusu mapenzi makali.

“Ulianzia kwenye jino,” Hatibu alisema.

“Jino la nani?” aliuliza Bi Zita.

“Langu. La nyuma, huku chini. Lilikuwa linapiga, linapiga, halafu linapumzika. Nikachukua gitaa nilifuate, nikidhani litachoka kabla yangu.”

“Na yule Hajira unayemlilia kwenye kiitikio?”

“Hajira ni shangazi yangu. Ndiye aliyekuwa na karafuu.”

Bwalo zima lilicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni. Jumatatu yake, karani mmoja aitwaye Nicodemo alikwenda Utawala kulalamika kwamba alimposa mkewe kwa wimbo ule, na sasa kila ukipigwa mkewe anamwuliza kama ameshamwona daktari. Haikupita wiki, likabandikwa tangazo kuwaomba wasanii wa shamba wapate mawazo yao kutoka sehemu zinazostahili.

Mahojiano ya namna hiyo yalikuwa mengi. Tunamkumbuka Mwalimu Angela wa kwaya ya Endasak, aliyesema nyimbo zake zote amezitunga akikamua ng'ombe, na kwamba ng'ombe yule alipokufa yeye alikaa mwaka mzima bila kutunga hata aleluya. Bi Zita hakumkimbiza kwenye swali lingine. Alimwachia muda. Kipaza sauti kikawa kinarusha mtu anayefuta machozi, na hakuna aliyegusa kijiko.

Lakini hatuwezi kueleza utumishi wa Bi Zita bila kueleza ziara ya wafadhili ya mwaka 1984.

Wafadhili wa matrekta walikuwa wanakuja kuona matunda ya misaada yao, na Meneja aliamua wapokelewe kwa wimbo mpya. Kazi ya kutunga haikuachiwa bendi, kwani ilionekana ni nyeti. Iliundwa kamati ya wakuu wa idara, na kila idara ikaleta ubeti wake. Karakana walitaka grisi itajwe. Uhasibu walileta ubeti unaoanza na maneno “kwa kuzingatia taratibu zilizopo,” na Hatibu akahangaika siku nzima kuyaingiza kwenye rumba. Kiitikio kilikuwa “Ngano, ngano, kwa kiasi kilichokadiriwa.” Ubeti wa Ugavi, yaani sisi, haukufika kabisa. Ulikuwa unasubiri sahihi.

Meneja alitaka pia jirani mmoja wa kabila la wafugaji aimbe wimbo wa asili, wageni waone tunavyoishi kwa upendo na wenyeji. Akapatikana Mama Gidamis, mwanamke wa Kidatooga aliyesifika kwa kutunga. Utawala haukumuuliza angeimba nini. Bi Zita ndiye angemhoji jukwaani na kutafsiri, maana Kidatooga alifundishwa na bibi yake mzaa mama.

Asubuhi ya ziara, Meneja alimwita ofisini. Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya sahihi ya ule ubeti, kwa hiyo nilisikia.

“Zita, wageni watakuwa wamechoka na safari,” alisema Meneja. “Utatafsiri kinachofaa.”

“Nitatafsiri atakachoimba, mkuu.”

“Nimesema kinachofaa. Na lile suala lako la cheo cha Afisa Habari liko hapa mezani kwangu. Usisahau.”

Bi Zita alitoka. Alikuwa amekingoja cheo kile miaka mingi, na nyumba inayoendana nacho, kwa sababu mama yake mgonjwa alikuwa anaishi naye katika chumba kimoja cha kambi.

Wageni walifika, wakavishwa mashada ya masuke. Suke Jazz ilipiga wimbo wa kamati, na wageni wakapiga makofi kwa kiasi kilichokadiriwa. Kisha Mama Gidamis akapanda jukwaani na vazi lake la ngozi na bangili zake za shaba. Bi Zita alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akasoma swali la ofisini kuhusu kilimo cha kisasa. Mama Gidamis alisubiri liishe. Bi Zita akauliza lake.

“Mama, wimbo huu ulikuanzia wapi?”

“Pale trekta ilipita,” Mama Gidamis alijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. “Baba yangu analala pale. Tulimjengea udongo, mrefu. Sasa ni ngano.”

Halafu akaimba. Hakuimba kwa hasira. Aliimba chini chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, akilitaja jina la baba yake kila mwisho wa mstari. Hatibu alishika gitaa lake asijue afanye nini nalo, akaliweka chini.

Alipomaliza, Meneja aliwahi kipaza sauti. “Anashukuru kwa matrekta,” aliwaambia wageni.

Kiongozi wa msafara alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufundisha nchini, na Kiswahili alikifahamu. Alimgeukia Bi Zita. “Ndivyo alivyosema?”

Baadaye Bi Zita alitueleza kwamba wakati ule hakufikiria ujasiri wala nini. Alimwona mama yake amekaa safu ya nyuma, na akaona kwamba anamwangalia Mama Gidamis na kulia. Mama yake naye alijua Kidatooga.

“Hapana,” alisema Bi Zita. “Anamwomba baba yake msamaha. Anasema hawezi tena kumletea ng'ombe wamsalimie, kwa sababu kaburi lake limelimwa. Anamwambia asidhani wanawe wamemsahau. Wamezuiwa getini.”



Mgeni yule aliomba apelekwe akaone mahali penyewe. Chakula maalumu cha wageni kikaachwa kipoe, na magari yakaingia shambani kwa msururu. Mama Gidamis alishuka, akatembea ndani ya ngano iliyofika magotini, akasimama mahali ambapo kwa macho yetu hapakuwa na tofauti yoyote na pengine. Dereva wa trekta aliyekuwa amelima kitalu kile, Mzee Sulle, alivua kofia. “Ni pale,” alisema kwa sauti ndogo. “Niliambiwa ni kichuguu.” Bi Zita alikwenda akasimama karibu na Mama Gidamis. Meneja alibaki garini akitafuta kitu kwenye mkoba.

Cheo cha Afisa Habari hakikutoka. Wiki iliyofuata Bi Zita alihamishiwa mizani ya malori, kule mwisho wa shamba, kwa maelezo kwamba uzoefu wake unahitajika huko. Wanamuziki Mezani kilisimamishwa ili kufanyiwa maboresho. Hatibu, kwa kuweka gitaa chini mbele ya wageni, aliamriwa afanye kazi aliyoajiriwa nayo, na hivyo shamba likapata fundi wake wa kwanza wa matairi baada ya miaka kumi na mitatu. Hakuwa mbaya.

Bi Zita alikaa mizani misimu miwili. Waliompitia wanasema alikuwa na huzuni, na ni kweli, maana mama yake alifariki katika chumba kilekile cha kambi. Siku ya mazishi, Mama Gidamis alifika Maretadu na wanawe, akaimba kaburini. Safari ile hakuna aliyetafsiri, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Kilichomrudisha bwaloni ni taarifa ya uzalishaji. Bila kipindi, watu walirudia mtindo wao wa kula haraka, kisha wakaanza kubeba chakula wakalie nje. Jumamosi moja Meneja aliisoma taarifa mwenyewe, akainua macho, akakuta anawasomea viti. Bi Zita alirejeshwa Jumatatu. Maelezo ya uhamisho yalikuwa yaleyale: uzoefu wake unahitajika.

Na kaburi? Wafadhili waliandika kuuliza, kwa hiyo ikabidi sehemu ile izungushiwe uzio na isilimwe tena. Kwa vile kukiri kosa kungeharibu takwimu, taarifa ya mwaka iliipa jina la Eneo la Majaribio ya Kupumzisha Udongo. Majaribio hayo yalifanikiwa sana. Nyasi ziliota, ndege walirudi, na shamba likatunukiwa cheti cha hifadhi ya ardhi ambacho hadi leo kinaning'inia ofisi ya Meneja. Mama Gidamis huruhusiwa kuingia kila mwaka na watu wake, na kibali chake kinamtambua kama mtaalamu wa udongo. Tukiwa wakweli, katika shamba hili hatujapata mwingine anayestahili jina hilo zaidi.

Tangu aliporejea, Bi Zita ameendelea kuwahoji wapiga zeze, walimu wa kwaya na vijana wa gitaa wa Katesh na Dongobesh. Lile swali la ofisini halijawahi kufutwa, naye hajawahi kuacha kulisoma. Utawala umetangaza kwamba nafasi yake itajazwa na king'ora.

Tulikuwa tumemaliza kuandika makala haya Jumanne iliyopita liliposikika zogo getini. Mama Gidamis alikuwa amefika kwa miguu na mtamba mwekundu. Kanuni ya shamba, tangu lianzishwe, ni kwamba ng'ombe haingii. Mlinzi wa zamu, Bwana Gidabuday, alisimama wima mbele ya geti.

“Shikamoo mama. Huyu anakwenda wapi?”

“Marahaba. Anakwenda kwa Zita. Mmemstaafisha. Atakunywa nini?”

Bwana Gidabuday alilifikiria jambo hilo kwa makini, kisha akafungua geti lote, mabawa mawili, kama afunguavyo kwa gari la Meneja. Mtamba akapita mbele ya Uhasibu, mbele ya Karakana, watu wakitoka mmoja mmoja kusimama barazani. Alipofika kwenye bustani ya maua ya Utawala alisimama, akajihudumia. Dirisha la Meneja lilifungwa taratibu kutoka ndani.

Bi Zita alitoka bwaloni akiwa bado na kitambaa cha kufutia meza.  Akaweka mkono juu ya mgongo wa mtamba, akauacha pale.

“Ana ndama tumboni,” Mama Gidamis alimwambia.

Bi Zita, ahsante kwa Jumamosi zetu. Nyumba yako ya Endasak tumesikia kuwa ina bati jipya na majani ya kutosha nyuma yake. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na majirani wanaoimba.