Onesphory Rugemalira, Fundi wa Mapaa, na Kurudi Kwake Kishanda

Ndugu yetu Onesphory Rugemalira alizaliwa hapa Kishanda, wilayani Muleba, tarehe 12 Septemba 1969, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Aroni na marehemu mama Judica. Alimaliza shule ya msingi kijijini mwaka 1984, akaenda Bukoba kujifunza useremala. Darasani hakung'ara, na mwenyewe hakuficha, lakini ukimpa mbao na msumeno ulikuwa huna wasiwasi tena.

Aliishi Hamugembe, mjini humo, akiezeka nyumba za watu. Tarehe 16 Agosti 1997 alifunga ndoa na Jovitha, na muda si mrefu Jovitha akagundua kwamba jiko la fundi wa mapaa linavuja. Kila mvua ilipomkuta akipanga sufuria chini, Onesphory alimwambia, "Kesho napanda, mke wangu." Kesho hiyo ilichukua miaka minne. Jovitha alimsema, akamcheka, akampenda hivyo hivyo.

Tarehe 3 Juni 2025 alianguka kutoka kwenye kenchi za nyumba aliyokuwa akiiezeka, damu ikavujia kwenye ubongo. Alipasuliwa katika hospitali ya nje ya mkoa, akapona nusu nusu: upande wa kulia ulilegea, maneno yakapotea, kumeza kukawa kazi. Jovitha alilala sakafuni kando ya kitanda chake, akitaka kitu kimoja tu, amrudishe nyumbani akiwa hai na abaki hai.

Ijumaa, tarehe 25 Julai, waliambiwa wameruhusiwa, kitanda kinahitajika. Mtaalamu wa mazoezi, ambaye angemfundisha Jovitha namna ya kumgeuza mgonjwa, kumkalisha na kumlisha, alikuwa semina. Nesi alieleza akiwa amesimama mlangoni.

"Chakula kigumu asipewe, mama. Akae wima, umlishe kidogo kidogo."

"Na akipaliwa, sista?"

"Nenda naye taratibu. Kliniki mtarudi baada ya wiki sita."

Nesi huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na wodi imejaa.

Onesphory aliletwa Kishanda, penye ndugu wa kumbeba. Jovitha aliponda ndizi zikawa uji, akamlisha kwa kijiko cha chai, akatuambia sote nyumbani: chakula kigumu hapana. Tukashika. Jumapili watu walijaa kumpa pole. Jovitha akiwa jikoni, shangazi yetu Klaudia alifanya lile ambalo kila Mhaya hufanyiwa akirudi kwao, akamnyooshea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna.

"Karibu nyumbani, waitu mwanangu."

Onesphory aliinua mkono wa kushoto mwenyewe, akaichukua, akaitia mdomoni, akatabasamu. Nyumba nzima ilipiga makofi, maana tuliona amerudi. Mara akapaliwa, akakohoa sana, akatulia, nasi tukamshukuru Mungu.

Jumanne homa ilipanda, kifua kikawa kinakoroma. Hospitalini daktari aliuliza mgonjwa alipewa nini kigumu. Jovitha alijibu hakuna, na sote tukaitikia. Hatukudanganya. Kwetu kahawa si chakula. Daktari alipoeleza kwamba kuna kitu kimeingia kwenye njia ya hewa na kuoza mapafuni, shangazi alikaa chini pale pale.

"Nilimpa kahawa," alisema. "Jovitha, mimi nilimpa kahawa."

Onesphory aliwekewa oksijeni, dawa zikabadilishwa, tukasali, na hakuna kilichosaidia. Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025, Jovitha akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Jovitha. Watoto watatu, Lilian, Joackim na Dativa. Mdogo wake, Datius. Na shangazi Klaudia, ambaye tangu Jumamosi hajatia kitu kinywani. Jovitha ameagiza yafuatayo yasomwe hapa mbele ya kaburi, wote mkisikia: hana neno na shangazi, na watoto wasije wakawa nalo. Yeye aliambiwa habari ya chakula, naye akafikisha alichoambiwa. Shangazi alimpokea mtoto wake. Tukitoka hapa, Jovitha mwenyewe atampakulia shangazi chakula, na atakaa naye mpaka ale.

Ee Mungu, mpokee Onesphory, umpe pumziko lenye amani.