Nilivyoahidi Kumpikia Mama Winnie

Kijiwe chetu kiko Pasiansi, kwenye kona ya barabara inayoshuka ziwani, pembeni ya banda la Obedi fundi wa kuchomelea. Benchi ni mbao mbili juu ya matofali, na Yahaya huweka birika lake la kahawa hapo kuanzia saa tisa alasiri. Jumamosi ile nilifika nikichechemea, lakini kwa miguu yangu mwenyewe, jina la Bwana libarikiwe. Miezi sita nilikuwa nimelala na mguu uliovunjika baada ya kuteleza juu ya paa, na mke wangu Suzana ndiye aliyeniogesha na kunilisha. Jumapili iliyotangulia nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Naungama, sifa zilinipanda kichwani. Nikatangaza mbele ya watu wote kwamba Jumamosi nitampikia mke wangu kwa mikono yangu, kwa moto wa kuni, kule kwenye majabali ya ufukweni, sisi wawili tu. Kanisa zima likapiga vigelegele. Yeye hakupiga. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Baba Winnie, kuahidi hujawahi kushindwa." Na mimi kupika sijui.

— Anakuja saa ngapi? akauliza Kepteni. Huyu ni Masele, zamani alikata tiketi kivukoni Kigongo. Daraja limemaliza kazi yake, cheo kimebaki.

— Saa kumi na moja.

— Na sasa ni saa kumi! Una nini mpaka sasa?

— Nina sufuria, nyanya, vitunguu na kiberiti. Akili ndiyo sina.

Wakacheka mpaka Yahaya akamwaga kahawa.

— Sikiliza, Ushuhuda, akasema Obedi. Tangu Jumapili ndilo jina walilonipa. — Kuni usichukue za mkaratusi. Moshi wake unamkumbusha mwanamke makosa ya mumewe.

— Yote?

— Kuanzia mwaka mliooana.

— Basi ukiwaka huo, akasema Yahaya, kutakucha bado anasoma orodha.

Kepteni akakohoa kama mtu anayeanza hotuba.

— Wahenga walisema, kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Maana yake, tafuta kuni zinazocheka. Ukizigonga zilie kah! kah!

— Achana na kuni, akasema Obedi. Mimi nakuchomelea meza ya chuma sasa hivi. Moto chini, sahani juu, mnakula chakula kinatokota. Nimeona kwenye simu, wanaweka na mishumaa.

— Mishumaa ya nini na moto upo?

— Ya mahaba, wewe!

— Wataungua magoti, akasema Yahaya.

— Muda huna, akasema Kepteni. Na haraka haraka haina baraka, kwa hiyo mwagia mafuta ya taa, uwake mara moja.

— Na samaki je? nikauliza.

— Samaki mkunje angali mbichi. Ukimwacha anyooke, sufuria itamkataa.

— Ila harufu ya sato inaita viboko, akasema Obedi. Kiboko akitokea usikimbie. Mkumbatie mkeo, umwambie tufe wote. Hapo ndipo mahaba yanapoanza.

— Na ndipo yanapoishia, nikasema.

Nilicheka nao, jicho likiwa kwenye saa. Naungama tena: nilianza kufikiria kununua chipsi mayai, nizipake majivu kidogo, zionekane nimepika mimi. Mungu anisamehe.

Ndipo akapita mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona, anatoka mwaloni, wanakoshusha samaki, na beseni lake kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

Akatua beseni, akasema anaitwa Sihaba. Yahaya, ambaye siri hazikai kwake, akamweleza habari yangu yote. Sihaba hakucheka. Akanichagulia sato mnene, akamwondoa magamba na matumbo pale pale.

— Kupika huku hakuna kazi, baba. Maji kidogo, nyanya, kitunguu, chumvi. Moto mdogo. Basi.

— Basi?

— Basi. Sasa nimkate vipi? Mama anapenda kipande gani?

Nikafungua mdomo.

— Mimi napewa kichwa.

— Sijakuuliza wewe. Nimeuliza mama.

— Watoto wanapenda katikati.

— Na mama?

Nikamtazama Kepteni anisaidie.

— Wangu anakula jikoni, akasema Kepteni.

— Anakula nini?

— Si chakula hicho hicho!

— Wangu mkia, akasema Obedi. Nadhani mkia.

— Anaupenda, au ndio unaobaki?

Obedi akainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Yahaya akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Miaka ishirini na mbili nimekula sebuleni, nikashiba, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Suzana alikula baadaye, jikoni, mlango wa pili. Sikuweza kukumbuka hata siku moja nimemtazama akitafuna.

— Usimkate, mama, nikasema. Nipe mzima.

Suzana alikuja saa kumi na moja kamili, akakaa juu ya jabali, khanga mabegani. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi, na chumvi ilikuwa imezidi. Niliomba sala fupi, jambo ambalo si kawaida yangu. Yeye akanyoosha mkono, akamega kichwa, akakiweka upande wangu. Nikakirudisha.

— Anza wewe. Chukua unachopenda.

— Unachopenda?

— Eeh.

Mkono wake ukabaki hewani juu ya sufuria. Akamtazama sato, akanitazama mimi.

— Ngoja kwanza, Baba Winnie. Ngoja nionje.

Akaonja nyama ya tumboni. Akaonja shavu. Akahamia mgongoni, bila haraka, kama mtu anayechagua kitambaa dukani, kisha akarudi tena tumboni. Sikugusa kitu. Nilikaa mikono magotini, nikimshukuru Mungu kimya kimya, namwangalia mke wangu akila.