Sista Pasi na Shela ya Mama Mkuu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kufua, kupiga pasi na kutugombeza, Sista Pasi anastaafu. Jina lake la utawa lipo kwenye faili za utawala, lakini ukimuulizia kwa jina hilo hapa hospitalini utazungushwa mpaka mochwari. Anayeandika haya yuko stoo ya dawa, na pia ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo msitegemee asiwe na upendeleo.

Sista alipokabidhiwa chumba cha kufulia alikuta mashine moja, nayo ilikuwa ikitembea sakafuni kila inapokamua nguo. Aliifunga kwenye nguzo kwa kamba, kazi ikaendelea. Leo mashine ni nne na zote zimetulia, labda kwa woga. Mwaka ule bomba kuu lilipopasuka, aliwapanga walinzi, wahasibu na madaktari foleni ya ndoo kutoka kisimani, na hakuna mgonjwa aliyelalia shuka chafu. Mhasibu mkuu anadai mgongo wake haujawahi kurudi sawa.

Kilichotutia adabu zaidi ni ile kamba yake ya koridoni. Chochote kilichosahauliwa mfukoni mwa koti kilibanwa hapo kwa kibanio, na mwenyewe alitakiwa aje kukichukua mchana kweupe, watu wakimwona. Tumeona vitana, soksi moja moja, hata meno ya bandia ya mlinzi wa geti. Daktari wa kisukari, yule anayewafokea wagonjwa kwa ajili ya sukari, alikuta peremende zake zimening'inia pale, akapita koridoni wiki nzima akiangalia dari.

Huyo ndiye Sista mnayemjua, mkali, asiyecheka. Sisi wa nyumbani tunamjua mwingine kabisa.

Nyumbani anaitwa Shangazi Mkubwa, kwa sababu yupo pia Shangazi Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, naye ni sista wa shirika hilo hilo. Shangazi Mkubwa alipoingia utawani, Bibi alilia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Shangazi Mdogo alipoaga naye kwenda huko mwaka uliofuata, Bibi alikuwa ameshazoea. Aliuliza tu kama hao masista hawana haja na mtoto wa kiume pia, maana baba yetu alikuwa anakula sana.

Likizo zao zilikutana mara chache, lakini zilipokutana, Baba alipoteza madaraka yote nyumbani kwake. Shangazi Mkubwa alifua kila kilichofulika na kukitia wanga, hadi pajama za Baba, naye akalala chali usiku kucha akiogopa kukunjika. Jioni ilikuwa rozari. Mkubwa aliisali mbio, Mdogo aliisali polepole, na sisi watoto katikati hatukujua tumfuate nani. Wakiangaliana tu, basi, sala imeharibika. Walicheka mpaka wakajifunika mito, na Baba, aliyekuwa akijitahidi kuonekana mkuu wa familia, alitoka nje kwenda kucheka peke yake.

Kicheko hicho ndicho kilichowatenganisha. Walipokuwa masista wapya waliishi nyumba moja, na Shangazi Mkubwa alipewa heshima ya kufua shela ya Mama Mkuu wa wakati huo. Kwa kutaka kupendeza, aliitia wanga mara mbili. Jioni, kwenye sala ya masifu, Mama Mkuu aliinamisha kichwa, shela ikabaki imesimama vile vile kama paa la kibanda. Masista wote walivumilia. Shangazi Mdogo alimtazama dada yake, na hapo wote wawili wakashindwa. Mwezi haukuisha kabla Mkubwa hajaletwa huku kwetu na Mdogo kupelekwa kufundisha watoto wa chekechea upande mwingine kabisa wa nchi.

Sasa Shangazi Mdogo yuko kwenye nyumba ya masista wazee huko huko, na macho yake yanafifia. Utaratibu wa shirika ni kwamba anayestaafu hupumzika nyumba iliyo karibu na kazi yake ya mwisho. Sista wetu, ambaye hajawahi kuomba hata kiti kipya, safari hii aliomba: apelekwe kwa mdogo wake, wakati huyo mdogo wake bado anaweza kumwona. Wiki zile za kusubiri jibu aliunguza shuka tatu. Aliacha hata kutugombeza, na hilo ndilo lililotutisha hasa. Mimi mwenyewe nilimkuta akiikunja taulo ile ile tena na tena, haoni hata kuwa nimeingia.

Jibu lilikuja kwa simu ya mapokezi, kwa kuwa simu yake mwenyewe ilikuwa imefuliwa. Aliitwa kwa kipaza sauti, akaja mbio na mikono inayochuruzika maji. Mama Mkuu wa sasa alimwambia aende kwa mdogo wake, chumba kipo, ila kikanisani wasikae benchi moja. Sista alianza kwa kulia. Halafu akacheka, kile kicheko cha nyumbani, akaegemea kaunta. Mhudumu wa mapokezi akacheka, foleni nzima ya wagonjwa ikacheka bila kujua kisa, na daktari wa kisukari akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Sista, asante kwa kila shuka uliyotutandikia na kila aibu uliyotuanikia. Tutakukumbuka sana. Nenda ukaishi kwa amani na afya, ukae karibu na mdogo wako, na mcheke mtakavyo: kutoka pale hakuna tena pa kuwahamishia.