Justus Mramba Lewa na Ndege wa Mabati

Kitu cha kwanza Mweri alichokitambua kwa babake, akiwa bado mdogo, ni kwamba hakumwangalia mtu usoni. Ukimwamkia "Shikamoo," aliitikia "Marahaba" macho yakiwa juu ya mapaa. Hakikuwa kiburi. Alikuwa akiutafuta upepo.

Justus Mramba Lewa alizaliwa Kaloleni tarehe 14 Aprili 1958, mtoto wa pili wa mzee Lewa Kalama na mama Mwanatabu. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, kisha mwaka 1975 akateremka Changamwe kujifunza kuchomelea vyuma.

Alikarabati makontena miaka mingi kabla ya kufungua karakana yake Magongo mwaka 1994. Mageti ndiyo yaliyoilisha nyumba, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sanamu za upepo, alizoziunda kwa mabati na beringi kuukuu. Upepo ukilala, zilikuwa vyuma tu. Ukivuma, samaki walipinduka, mbawa zikafunguka, na wasukuma mikokoteni wakasahau walikokuwa wakienda.

"Mzee, hivi vyauzwa ama vyatazamwa tu?" aliuliza jirani yake Nafula, muuza chapati.

"Vyatazamwa, mwanangu. Na chapati yako yaungua."

Sanamu zake hazikusukumwa kwa mkono, hata kwa kujaribu. "Ukiisukuma umeidanganya," alisema.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Gladys Kache, ambaye ilimbidi kumzoea mume anayetoka mbio mezani kila mabati yakilia, akihofia kitu kimemwangukia mtu.

Septemba 2024 mapafu yalianza kumsumbua. Akihisi siku zinamkimbia, aliiharakisha kazi yake kubwa kuliko zote: kundi la ndege weupe juu ya nguzo, katika uwanja wa shule moja ya Mtopanga. Akalisimamisha mwezi wa Machi, wakati wa maleleji, upepo wa kaskazi umekwisha na wa kusi haujaingia. Akiwa mzima asingefanya kosa hilo. Kundi halikuzunguka. Kamati ya shule ikaamua kwamba lisipozunguka kufikia muhula wa pili, litashushwa liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Hospitalini aliuliza kila asubuhi, "Limezunguka?"

"Bado, baba."

Nje ya wodi Kache alimkaripia bintiye Mweri. "Ungemwambia ndiyo, ungepungukiwa na nini?"

"Angejua, mama. Pale dirishani pana mpapai. Hata jani halitikisiki."

Mzee Mramba alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Aprili 2025.

Ameacha mjane, Gladys Kache, watoto wake, Mweri na Kiponda, wajukuu watatu, na dadake, Mishi. Bwana ampe pumziko jema.

Shule itafunguliwa kwa muhula wa pili Jumatatu, tarehe 28 Aprili. Ndege bado wamesimama. Kiponda ameshawishiwa na wengi apande ngazi awasukume kidogo tu, kamati ione. Amekataa. Familia inaingojea kusi.