Kurasa za Mama Syntiche

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, simama pembeni kidogo. Leo tunamkumbuka Faustin Kapya, fundi wa magari wa komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Faustin Kapya alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Majirani walimwita Papa Syntiche, kwa jina la binti yake. Kwenye mtandao alijulikana kama Fundi wa Potopoto.

Tunawaonya mapema. Kumbukumbu hii si ya sifa na maua tu. Kuna uchungu ndani yake, na hatutaupaka sukari.

Baba yake Faustin alitoka upande wa Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli. Faustin alizaliwa hapa mjini, akajifunza ufundi hapa mjini. Akiwa kijana alinunua jeep moja kuukuu, ambayo mwenye kuiuza alikuwa ameshaanza kufugia kuku. Ndiyo, kuku. Alichukua miaka miwili kuifufua. Katika miaka hiyo hiyo akamwoa Clotilde, katibu wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache na macho makali.

Syntiche, binti yao, anakumbuka mama yake alivyokuwa anacheka: "Mama alikuwa anasemaka, 'Mimi nilikuta bibi wa kwanza iko tayari mu parcelle. Iko na mataa mbili, na mulango haina.'" Bibi huyo, yaani mke, alikuwa ile jeep uani.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana. Mwaka 2007, Faustin na mteja wake mmoja, Jean-Claude, mtu wa kompyuta aliyekuwa anakaa kule mtaa wa Golf, walifungua uwanja wa kuandikiana kwenye mtandao. Uwanja huo ulikuwa wa wenye jeep na magari yote ya njia mbaya. Waliuita Bana Potopoto, watoto wa matope. Faustin alileta ufundi na safari. Jean-Claude alileta kompyuta, na yeye ndiye aliyeshika neno la siri la kufungulia mitambo. Kumbukeni hilo: neno la siri lilikuwa kwa Jean-Claude peke yake.

Ulikuwa wakati mtamu, jamani. Hapakuwa na makundi ya simu. Ulikwenda cyber, duka la mtandao, ulilipa saa yako, ulingoja picha moja ishuke polepole, kwanza mbingu, kisha paa la jeep, kisha tope. Watu waliandika kutoka Likasi, Kolwezi, Kipushi. Mwenyeji wetu mmoja aliyehamia Brussels aliandika kila Ijumaa kuuliza mvua imefika wapi. Mwaka 2009 gari la masista lilizama njia ya Mitwaba, likakaa siku tatu. Habari ilitokea Bana Potopoto Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi jeep tano zilikuwa njiani na kamba, majembe na sufuria ya bukari, ugali wetu. Hakuna aliyeitwa mara mbili.

Na walikuwa na sheria moja. Ukirudi safarini, huoshi gari mpaka umeandika ripoti ya njia. Walisema hivi: "Ripoti kwanza, mayi kisha." Faustin aliamini kwamba mtu akishaosha gari anaanza kusahau, na akishasahau anaanza kujisifu. Ole wako uonekane mjini na jeep inayong'aa wakati ripoti yako haipo! Ungepigwa picha, na jioni uwanja mzima ungekucheka. Baada ya safari moja umeme ulikatika mjini siku sita, cyber zote zikafungwa. Faustin akaenda kwenye ndoa ya shemeji yake na jeep iliyokauka tope mpaka kwenye vioo. Wakwe walinuna. Yeye alicheza mpaka mwisho.

Lakini Faustin alikuwa na shida. Kuandika kulimshinda. Vidole vyake vilizoea spana, herufi zilikuwa ndogo mno kwake. Kwa hiyo yeye alisimulia, na Clotilde ndiye aliyeandika. Na Clotilde, wasikilizaji wapendwa, hakuwa mtu wa kuandika uongo wa mumewe bila kusema kitu. Chini ya kila ripoti aliongeza mistari yake mwenyewe. Aliipa kichwa: Neno la Mama Syntiche.

Faustin alisimulia kwamba kijito fulani mbele ya Mitwaba kilikuwa cha magoti. Chini yake Clotilde aliandika: "Musiamini mutu anasema mayi ni ya magoti. Yeye alibakia mu jeep. Mimi njo nilishuka. Ilifika ku kifua, na sandali yangu moja ilienda." Watu walicheka mpaka machozi. Tena walipita salama, kwa sababu walimwamini Clotilde. Ikafika mahali ripoti isiyokuwa na Neno la Mama Syntiche ilirudishwa. Ripoti hizo zilizidi mia mbili.

Clotilde alifariki mwezi wa tisa mwaka 2015.

Wakati huo Bana Potopoto ilikuwa imepoa. Watu walikuwa wamehamia kwenye kundi la simu, ambako wanatumiana picha za jeep mpya na salamu za asubuhi. Faustin alikataa kuhamia. Alibaki kwenye uwanja wa zamani, karibu peke yake. Syntiche alimnunulia simu ya kusomea. Kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akafungua ripoti moja, akasoma Neno la Mama Syntiche. Alisoma moja tu kwa wiki. Alikuwa anazipima ili zisiishe haraka.

Mtatuuliza, hakuwa na barua za mkewe? Hakuwa nazo. Clotilde hakuwahi kumwandikia barua. Walilala nyumba moja, amwandikie za nini? Kila kitu Clotilde alichowahi kuandika kwa sauti yake mwenyewe kilikuwa pale, chini ya ripoti za matope.

Jumapili moja ya mwaka 2018, Faustin alifungua simu na ukurasa haukuwepo. Alijaribu tena Jumatatu. Akampigia Jean-Claude.

Jean-Claude, aliyemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, akamjibu: "Yaya Faustin, serveur ilikufa. Byote biliisha."

Serveur ni ile mashine inayotunza kurasa. Faustin aliamini. Fundi anajua kwamba mashine hufa. Tena alimpa pole Jean-Claude! "Pole sana, ndugu yangu, kazi yako yote ile." Kisha akakata simu, akaingia chumbani, na siku hiyo hakula.

Miaka minne ilipita. Mwaka 2022 Faustin aliitwa Mokambo, mpakani, kutengeneza lori lililokwama na mzigo wa kwenda Mitwaba. Alipomaliza, dereva alitoa kitabu kidogo kwenye dashibodi kuangalia njia. Ni kitabu ambacho kampuni yake iliwapa madereva wote. Kampuni hiyo hatutaitaja hapa.

Dereva alikuwa anacheka peke yake. "Vieux, muzee wangu, ngoja nikusomee hii fasi. Tunachekaka kila siku. 'Mayi ilifika ku kifua, na sandali yangu moja ilienda.' Hatujue ni nani aliandika."

Faustin aliomba kitabu. Alisoma amesimama, mikono ikiwa bado na grisi. Njia zilikuwa zake. Madaraja yalikuwa yake, na mahali pa kukata miti ya kuwekea chini ya magurudumu. Majina yote yalikuwa yamefutwa. Maneno ya Clotilde yalikuwa yamekatwa, isipokuwa mistari miwili mitatu, labda kwa sababu inachekesha. Alimwambia dereva: "Ni bibi yangu aliandika." Dereva akafikiri ni utani.

Basi mashine haikufa. Elewa hilo vizuri, msikilizaji. Mashine haikufa.

Faustin alikwenda moja kwa moja Golf, kwa Jean-Claude. Syntiche alikuwa naye, na ndiye aliyetusimulia. Jean-Claude aliwakaribisha vizuri, akaagiza soda. Faustin hakugusa soda. Aliweka simu mezani, yenye picha ya ule ukurasa wa kitabu.

Jean-Claude akaangalia, kisha akasema ukweli nusu. Kampuni ilitaka ripoti zote za njia. Ilitaka pia uwanja ufungwe, mwingine asizione bure. Yeye aliwapa. Wakamwajiri.

"Lakini haikuwa mimi peke yangu, Yaya. Tuliuliza bantu bote mu groupe. Balikubali."

"Mimi siko mu groupe."

"Njo vile," Jean-Claude akasema, akiangalia chini. "Tulijua wewe utakatala."

Wote walijua. Watu waliovutwa na kamba ya Faustin kutoka matopeni walijua, watu waliokula bukari ya Clotilde kando ya njia walijua. Miaka minne walikutana naye sokoni na kanisani, wakamwamkia, wakauliza habari za jeep. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Sisi tunaona hilo ndilo lililomvunja, kuliko kampuni. Kampuni hakuijua. Hawa alikuwa amewashika mkono.

Hata hivyo hakupiga kelele. Aliomba kitu kimoja. "Njia mubebe. Mimi sitaki njia. Unipe paka maneno ya Mama Syntiche, ile tu."

Jean-Claude akajibu: "Kopi sina, Yaya. Niliwapa byote. Nitauliza kampuni."

Faustin alimpigia kila Jumapili, na majibu ya Jean-Claude yalikuwa haya. Nitauliza. Bado sijauliza. Mkubwa amesafiri. Mwaka uliofuata simu ikawa inalia bila kupokelewa. Faustin aliendelea kupiga.

Baadaye alinunua daftari la shule. Akaanza kuandika mwenyewe, kwa vidole vile vile vya fundi, ripoti zote anazozikumbuka. Mtu huyu alikumbuka kila shimo! Alikumbuka tarehe, mvua, jina la mzee aliyewauzia mihogo. Alijaza daftari la kwanza, la pili, la tatu. Syntiche ametuonyesha. Kila ukurasa, nusu ya juu imejaa mwandiko. Chini kuna kichwa, Neno la Mama Syntiche. Chini ya kichwa hamna kitu.

"Nilimuuliza, 'Papa, juu ya nini unaacha fasi?' Akanijibu, 'Byangu minabikumbuka byote. Byake haikuyi. Minajua alinikosowa, lakini namna alisema, haikuyi.'" Yaani maneno ya Clotilde hayakumjia.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yake mitatu ya mwisho. Damu ilipanda, miguu ikavimba. Jumapili ya mwisho, akiwa kitandani, aliomba simu yake na akapiga namba ile ile. Ililia mpaka ikakatika. Jumanne Faustin Kapya alifariki.

Bana Potopoto walikuja kwenye kilio. Walikuja mchana, jeep nane kwa mstari, wamevaa fulana mpya zenye picha ya marehemu. Watu wa mtaa walisimama kuangalia. Jean-Claude alishuka, akapita katikati ya viti, akamwita Syntiche pembeni. Akampa clé USB, kitu kidogo cha kidole kimoja cha kutunzia maandishi ya kompyuta.

"Maripoti yote iko humu," akasema. "Na maneno ya Mama yako yote."

Syntiche alimwuliza: "Ulikuwa nayo tangu siku gani?"

"Tangu mwanzo."

"Na Papa alikuwa anakulomba."

"Nilipata haya, Syntiche. Nilishamwambia kwamba serveur ilikufa. Kisha nikamwambia kwamba kopi sina. Ningemupa, angeona nilimubeya bongo, nilimudanganya mara mbili."

Hiyo ndiyo sababu yake, wasikilizaji wapendwa. Hakukatazwa na kampuni. Hakupoteza kitu. Kwenye droo ya nyumba moja ya Golf, maneno ya Clotilde yalikaa mazima miaka saba, wakati mumewe anajikamua kichwa juu ya daftari huku Kenya. Ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Mtu aliona afadhali rafiki yake ateseke, kuliko yeye aaibike dakika kumi. Tumekasirika, na hatuombi radhi.

Syntiche aliipokea ile clé. Akamwambia: "Papa alikuita Jumapili. Sasa rudia kwako, Papa Jean-Claude. Na hizi jeep zirudie."

Nao wakaondoka, moja moja.

Kundi hilo limetuletea tangazo la rambirambi, limeandikwa vizuri, lenye maneno "ndugu yetu mpendwa". Familia imeomba tusilisome. Hatutalisoma.

Kwa Syntiche, kwa wajukuu, kwa ukoo wote wa Kapya hapa mjini na kule Mitwaba: poleni sana. Tunawashika mkono. Mungu ampumzishe Faustin karibu na Clotilde wake.

Na wewe unayetusikiliza: labda kuna mtu anakupigia, na wewe unaangalia jina lake mpaka simu inyamaze. Unajua anataka nini. Unajua kiko wapi. Acha kujitafutia maneno mazuri. Mpelekee leo, hata akutukane.

Tulimwomba Syntiche ruhusa ya kuwasomea hapa Neno moja la Mama Syntiche, fupi tu, kabla hatujaagana. Tulikuwa tumelitengea dakika nzima. Alikataa. Alisema: "Papa njo alipashwa kusoma wa kwanza. Mimi mwenyewe bado siyafungua ile clé."

Kwa hiyo dakika hiyo tutakaa kimya.