Mama Mkwe wa Filamu na Jina la Mjukuu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wale wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa mmeamka.

Mnanijua. Mimi ni Wangari, yule mama mkwe mbaya wa kwenye filamu. Sikuwahi kuwa stelingi, yule nyota wa filamu, hata siku moja. Mwelekezi mmoja aliniangalia akasema uso wangu umekasirika hata nikilala, akanipa nafasi ya mama mkwe nikiwa msichana ambaye hajaolewa! Tangu hapo nimewanyima wake za watu chakula, nimewaroga, nimewafukuza kwenye mvua, yote mbele ya kamera kule mashamba ya chai ya Kangema. Na niliifanya kazi hiyo vizuri, sitajifanya mnyenyekevu hapa.

Lakini watu walisahau kwamba ni mchezo. Sokoni Karatina kuna wachuuzi walioniambia niweke pesa juu ya gunia, wasiguse mkono wangu. Nilicheka. Hata humu kanisani mliniombea pepo la uchawi linitoke, mnakumbuka? Nikacheka pia. Nilicheka miaka mingi, mpaka mwanangu Mwangi alipopata mtoto wake wa kwanza, msichana.

Ndugu zangu, desturi yetu mnaijua. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Huyo alikuwa Wangari kabla hajazaliwa. Mimi sina binti, na mume wangu alishatangulia. Jina hilo ndilo nililotaka duniani: mtu wa kubaki akiitwa mimi. Kumbe Wanjiru, mke wa mwanangu, ana mama, na huyo mama alikuwa ameapa. "Mtoto wa Wanjiru hawezi itwa jina ya mchawi," alisema. "Jina huwa inakuja na tabia ya mwenyewe." Wanjiru akaogopa. Mwangi akawaachia wao waamue. Mtoto akaitwa Bebi tu, wiki baada ya wiki. Nililia, jamani! Nilimwambia Mungu, kipaji hiki ulinipa wewe, mbona kinanizika nikiwa hai?

Siku ya akina mama kupeleka uji na kumwona mtoto, nilienda kwa mwanangu hapa Nyeri mjini, nikakaa karibu na mlango. Mtoto alipitishwa mkono kwa mkono, kila mama akimbariki. Zamu yangu ilipofika, mama yake Wanjiru alimchukua akamfunika shali.

Hapo ndipo Mungu alipoingia! Kati ya wageni waliotoka Kianyaga alikuwa cucu yake Wanjiru, mama wa baba yake, mzee wa kushikwa mkono akitembea. Alinitazama, kisha akamgeukia mama yake Wanjiru, ambaye ni mke wa mwanawe.

"Wewe, si unakumbuka vile nilikuwa nakutesa?"

Yule mama akainamisha kichwa.

"Na si niliacha? Ushawahi jiuliza ni nini iliniachisha?"

Akasema gari la sinema lilikuja sokoni Kianyaga, wakatundika shuka nyeupe ukutani, naye akaniona pale kwenye filamu nikimwagia mbwa chakula cha mke wa mwanangu. Watu wote walinizomea. Yeye hakuweza.

"Nilijiona mimi," akasema. "Nikarudi nyumbani nikakupikia. Huyu mama ndio Ngai, Mungu wetu, alinitumia."

Ndugu zangu, siku tuliyoigiza hayo naikumbuka. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, nataka kwenda nyumbani tu. Kumbe Mungu alikuwa kazini! Alikuwa akimfungua mama mmoja Kianyaga ili mwingine ale kwa amani, na mimi sijui lolote. Mungu gani huyu, anayeokoa watu kwa ubaya wa kuigiza? Mpaka leo nikifikiria hilo nakosa maneno, na mnajua mimi si mtu wa kukosa maneno.

Mama yake Wanjiru alilia. Akafunua shali, akaja mpaka mlangoni, akaninyooshea mtoto kwa mikono miwili.

"Wangari," akasema, "shika Wangari."

Asante, Yesu! Asante! Na wewe uliyekaa hapo ukiona kwamba maisha yako hayajamfaa mtu, mtumaini huyu Mungu leo. Kuna mtu alifunguliwa kwa sababu yako. Ni vile tu hajafika kukuambia. Amina!